Mtei, Mwalimu na shilingi: kisa cha Desemba 1979

Tukianza kuongelea Benki Kuu huku kwetu mazungumzo yanaruka haraka sana kwenda kwenye EPA, zile hela zilizochotwa kwenye akaunti ya madeni ya nje pale Benki Kuu, na yale ya 2008, na naelewa kwa nini, ile ilikuwa hela nyingi na iliuma watu. Lakini kisa kinachonifundisha zaidi kuhusu kazi ya gavana kwenye nchi maskini ni cha zamani, na aliyehusika wakati huo hata hakuwa gavana tena, alikuwa Waziri wa Fedha. Edwin Mtei, mwisho wa 1979, anaenda Msasani kwa Mwalimu Nyerere na mapendekezo ya IMF, yaani Shirika la Fedha la Kimataifa lenye makao Washington, hawaelewani, anaandika barua ya kujiuzulu. Wengi tunakijua kisa chote kwa sentensi hiyo moja tu, halafu kila mtu anachagua upande wake: kuna wa kusema Mtei alikuwa kibaraka wa mabeberu na kuna wa kusema Mwalimu alikuwa mbishi hajui uchumi. Mimi naona pande zote mbili zimeruka sehemu muhimu, na sehemu yenyewe inaanzia mwaka 1966.

Mtei ni mtu wa Marangu, kazaliwa 1932, kalelewa na mama yake, kachunga mbuzi kama watoto wengine wa kule, akasoma Old Moshi, akaenda Tabora, akamaliza Makerere. Alianzia kazi kampuni ya tumbaku ndo akaingia serikalini. Mpaka hapo ni historia ya wasomi wengi wa kizazi kile. Kinachomtofautisha ni kwamba tarehe 14 Juni 1966, Benki Kuu ya Tanzania inafungua milango, gavana ni yeye, na hajafikisha miaka 34.

Kabla ya hapo hatukuwa na benki kuu. Tulikuwa na Bodi ya Sarafu ya Afrika Mashariki, iliyoanzishwa 1919, makao yake London mpaka ilipohamishiwa Nairobi mwaka 1960. Bodi ya sarafu ni kitu rahisi sana: ukileta pauni inakupa shilingi, ukirudisha shilingi inakupa pauni, basi. Haikopeshi serikali kama benki kuu inavyokopesha, haipangi riba, haiokoi benki inayoyumba, haina maoni juu ya uchumi wako. Mwaka 1963 Mjerumani mmoja, Erwin Blumenthal, alifanya utafiti akapendekeza mfumo wa benki kuu wa Afrika Mashariki wenye ngazi mbili, ngazi ya pamoja na ngazi ya kila nchi. Siasa zikashindikana, na Juni 1965 mawaziri wa fedha wa nchi tatu wakatangaza kwamba kila mtu na sarafu yake. Kwahiyo ndani ya mwaka mmoja unatakiwa uwe na sheria, jengo, watumishi, noti zilizochapwa, na mtu wa kusaini hizo noti.

Hebu angalia waliosaini kwa majirani. Kenya walianza na mtaalamu wa nje, Leon Baranski, ndo akaja Duncan Ndegwa mwaka 1967 akakaa mpaka 1982. Uganda walikuwa na Joseph Mubiru, Mganda, gavana wa kwanza. Sisi tukaanza na wa kwetu siku ya kwanza. Nalisema hili kwa sababu wanaomwita Mtei mtu wa Washington wanasahau kwamba huyu ndiye aliyeisimamisha shilingi yetu ikiwa mtoto mchanga, noti za shilingi 5, 10, 20 na 100, na watu vijijini wakaombwa waamini karatasi mpya isiyo na sura ya Malkia. Na waliamini, maana shilingi mpya ilibadilishwa moja kwa moja na ile ya zamani na hakuna aliyepunjwa.

Mtihani wa kwanza ulikuja haraka, na ulitoka Arusha. Februari 1967 Azimio linapitishwa, tarehe 6 Februari benki binafsi zinataifishwa, zinaunganishwa kuwa Benki ya Taifa ya Biashara, NBC. Fikiria wewe ni gavana, benki yako ina miezi nane, na mfumo mzima unaousimamia umegeuzwa kwa uamuzi uliotoka kwenye chama. Wenye benki wanaondoka na mameneja wao, halafu fidia ijadiliwe. Mfumo haukuanguka. Watu walienda kutoa hela zao wakazikuta. Naamini hiyo ndo kazi kubwa zaidi aliyowahi kuifanya yule bwana, na haiongelewi kabisa, kwa sababu benki kuu ikifanya kazi vizuri hakuna habari ya kuandika gazetini.

Mtihani wa pili, Novemba 1967. Waingereza wanashusha pauni yao, kutoka dola 2.80 kwenda 2.40. Sisi sarafu yetu ilikuwa imefungwa kwenye pauni, shilingi 20 kwa pauni moja. Swali la haraka kabisa: tunashuka nao au tunabaki? Tanzania, Kenya na Uganda zote zikabaki. Pauni ikawa inanunuliwa kwa shilingi 17 na senti 14 hivi, na shilingi yetu ikabaki pale pale kwenye dola, 7 na senti 14. Shika hiyo namba kichwani, shilingi 7 kwa dola, maana ndo itakayotuletea matatizo baadae. Mwaka 1967 kukataa kushuka kulikuwa na maana, tulikuwa tunauza katani, kahawa, pamba, hatukuwa na shida kubwa ya fedha za kigeni. Nadhani hapa ndo palizaliwa ile hisia kwamba shilingi imara ni heshima ya taifa. Hisia nzuri, ila hisia haijui kwamba hali ya biashara imebadilika.

Mtei akaondoka benki 1974, akaenda kuwa Katibu Mkuu wa Jumuiya ya Afrika Mashariki pale Arusha, akaishuhudia ikifa mikononi, na 1977 akaitwa kuwa Waziri wa Fedha. Gavana mpya alikuwa Charles Nyirabu, aliyekaa mpaka 1989.

Sasa hapa nitatulia kidogo, kwa sababu bila kuelewa benki ilikuwa imegeuka nini miaka ya 70, Desemba 1979 haieleweki. Kuanzia 1971 hivi nchi ilikuwa inaendeshwa kwa mpango wa mwaka wa fedha na mikopo pamoja na mpango wa fedha za kigeni. Yaani inakaliwa, inaamuliwa shirika fulani litapata kiasi gani cha mkopo, wizara fulani itapata dola ngapi za kuagizia, halafu Benki Kuu kazi yake ni kuhakikisha mpango unapata hela. Mwaka 1978 sheria ya benki ikarekebishwa ikaingizwa rasmi kwenye shughuli za kugharamia maendeleo. Kwa maneno ya mtaani, gavana aligeuka kuwa keshia. Shirika la umma likipata hasara linaenda NBC linachukua ovadrafti, NBC ikikaukiwa inaangalia Benki Kuu, na serikali nayo bajeti ikipwaya inaangalia hapo hapo Benki Kuu. Mlango mmoja, foleni ndefu, na mwenye mlango hana ruhusa ya kusema hapana. Hakuna haja ya kutafuta mwizi hapo. Watu waaminifu kabisa wakiwekwa kwenye mfumo huo watachapa hela kuliko bidhaa zilizopo madukani, na bei zitapanda tu, hata Tume ya Bei ipange bei mpaka ya sindano.

Juu ya hayo ndo mapigo yakaja mfululizo. Mwaka 1976 na 1977 kahawa ilipanda bei duniani sababu ya baridi kali kule Brazil, tukajaza akiba ya fedha za kigeni, tukafurahi. Mwaka 1978, kwa ushauri wa wakubwa wa Washington, vizuizi vya kuagiza bidhaa vikalegezwa, na ile akiba ikayeyuka ndani ya mwaka. Hapa siwezi kumwachia Mtei. Yeye ndo alikuwa Waziri wa Fedha. Mtu aliyekuwa gavana miaka nane anajua fika kwamba bei ya kahawa ni mvua ya vuli, leo ipo kesho haipo, na kwamba akiba inawekwa kwa ajili ya siku ya njaa. Wanaomtetea wanaruka mwaka 1978 kana kwamba haukuwepo, na mimi naona ndo uliompunguzia nguvu za kuaminika mwaka uliofuata, maana ushauri wa mwanzo ulitoka Washington ukatuacha mikono mitupu, halafu anarudi tena na karatasi ya kutoka kule kule.

Mwisho wa Oktoba 1978 Amin anavamia Kagera. Vita inaenda mpaka Kampala inaanguka tarehe 11 Aprili 1979, na majeshi hayakurudi siku hiyo hiyo. Gharama zinazotajwa sana ni kama dola milioni 500, kwa nchi ambayo haikuwa na akiba tena. Wakati ule hakuna aliyetulipa. Jumuiya ilishakufa 1977, mpaka na Kenya umefungwa, vitu tulivyokuwa tunavitegemea kwa pamoja kama ndege na reli inabidi tuvianzishe upya wenyewe. Na mafuta 1979 yakapanda tena bei mara ya pili ndani ya miaka sita. Mwalimu akawaambia wananchi tufunge mkanda miezi 18.

Njoo kwenye shilingi yenyewe sasa. Mwanzoni mwa 1979 ilishashushwa kidogo, ikatoka kwenye 7 na kitu ikaenda 8 na kitu kwa dola. Haikutosha. Na hapa naomba nieleze taratibu kwa sababu watu wakisikia "kushusha shilingi" wanasikia "kumuumiza mwananchi", wakati swali linatakiwa liwe mwananchi yupi.

Chukua mfano wa hesabu tu. Kahawa ya dola 1,000 inauzwa nje. Kwa shilingi 8 mamlaka ya zao inapokea shilingi 8,000. Inatoa gharama zake, magari yake, mishahara yake, hasara zake, kinachobaki ndo anapewa mkulima. Kumbuka vyama vya ushirika vilifutwa 1976, KNCU ya Wachagga ikiwemo, kwahiyo mkulima hana wa kumsemea wala pa kuuza pengine. Sasa gharama za ndani zinapanda kila mwaka, ile 8,000 haipandi. Anayebanwa ni nani? Ni yule wa mwisho kwenye mstari, mwenye shamba. Upande wa pili, yule aliyepewa kibali cha kuagiza gari au redio ananunua dola kwa shilingi 8 wakati thamani yake mtaani ni zaidi sana ya hapo. Kwahiyo shilingi "imara" ilikuwa ni kodi kwa mkulima na zawadi kwa mwenye kibali. Mkulima hakufanya mgomo wala maandamano, aliacha tu kupalilia. Wengine waling'oa mibuni wakaweka nyanya na mahindi, wa mpakani wakavusha usiku. Mkonge uliokuwa zaidi ya tani 200,000 katikati ya miaka ya 60 ulikuja kushuka chini ya tani 100,000 mwanzoni mwa miaka ya 80 (na ndio, soko la nyuzi za plastiki lilichangia, lakini sio lote). Ukipunguza kinachouzwa nje unapunguza dola, ukipunguza dola viwanda vinakosa malighafi, viwanda vikikosa malighafi hakuna sabuni dukani, na hela zilizochapwa bado zipo mitaani zinatafuta sabuni.

Hiyo ndo hesabu Mtei alikuwa anaiona. Hakuhitaji kufundishwa na IMF, alikuwa ameishi ndani yake tangu 1966.

Ujumbe wa IMF ulikuja mwisho wa 1979, na walichotaka kilikuwa kile ambacho Afrika nzima ilikuja kukijua kwa moyo: shusheni shilingi, zuieni mishahara, punguzeni matumizi ya serikali, achieni bei, legezeni uagizaji, pandisheni riba. Mtei akakaa nao akaona kuna msingi wa kufanyia kazi, akapeleka kwa Rais. Kwa simulizi yake mwenyewe, Mwalimu alikasirika, kikao kikavunjika, na Mtei akaona hawezi kuendelea kutetea sera asiyoiamini, akajiuzulu. Wizara ikarudi kwa Amir Jamal aliyekuwa ameishika mara mbili kabla. Na tarehe 1 Januari 1980, akiongea na mabalozi kwenye salamu za mwaka mpya, Mwalimu akauliza swali lililozunguka dunia nzima: IMF imegeuka lini kuwa Wizara ya Fedha ya Kimataifa? Ni lini mataifa yalikubali kuikabidhi madaraka yao ya kuamua?

Mimi sio mtu wa kumdharau Mwalimu kwenye hili, na nina sababu. Swali lake lilikuwa halali. Nchi imetoka kumwondoa Amin kwa gharama yake yenyewe, bei ya mafuta hatupangi sisi, bei ya kahawa hatupangi sisi, halafu anakuja mtu na sharti la namna ya kupanga mishahara ya walimu wako. IMF wa miaka ile walikuwa na dawa moja kwa kila mgonjwa na walitaka inywewe yote kwa siku moja. Tena walikuwa wametuambia tulegeze uagizaji tukiwa bado tunavuja damu ya kosa hilo hilo la 1978. Na kuna jambo lingine, kushusha shilingi bila fedha za kuagizia bidhaa, bila magari ya kusomba mazao, bila kumrudishia mkulima chama chake, ile nyongeza ingeweza kuishia kwenye mamlaka za mazao isimfikie mwenye shamba kabisa. Mwalimu aliliona hilo, kwamba bei ikipanda maskini wa mjini ataumia kesho asubuhi na faida ya mkulima itakuja msimu ujao, kama itakuja.

Lakini alichokosea, naamini kabisa, ni kulichukua swali la hesabu akaligeuza kuwa swali la utu wa nchi. Yakishakuwa ya utu hayajadiliki tena. Bei ya dola ni bei tu, kama ya debe la mahindi. Ukiipanga chini kuliko ilivyo, dola zinapotea mezani zinaonekana chini ya meza.

Na Mtei alikosea wapi? Njia. Alikuwa anakubaliana na wageni kabla hajakubaliana na wenye nyumba. Nchi ya chama kimoja, sera kubwa zote zinapita kwenye chama, na yeye alitegemea uzito wa hoja na historia yake na Mwalimu. Alikuwa na hoja, hakuwa na watu. Wakulima ambao hesabu yake ingewafaa walikuwa hawana chama cha ushirika, mashirika ya umma yaliyokuwa yananufaika na dola za bei chee yalikuwa na watu kila mahali. Na Benki Kuu, taasisi pekee ambayo ingeweza kuweka mezani takwimu zake yenyewe na kusema "mzee, akiba imeisha, hivi ndivyo ilivyo", ilishakuwa keshia. Ndo maana nasema kisa hiki ni cha benki kuliko cha watu wawili. Nchi ilipohitaji sauti ya gavana, sauti hiyo ilibidi itoke kwa waziri, na waziri ni mtu wa Rais, akikataliwa anabaki na barua ya kujiuzulu tu. Inaniuma nikifikiria kwamba mtu aliyeijenga ile benki ndiye aliyeikosa siku anaihitaji.

Kilichofuata wengine tunakikumbuka kwa miili yetu. Mkataba mwingine na IMF wa 1980 ulisainiwa ukavunjika mapema. Ikaja programu ya kuokoa uchumi ya 1981, ya kwetu wenyewe, kisha nyingine 1982, na bado mfumuko wa bei ulikuwa kama asilimia 30 kwa mwaka. Mimi nilikuwa mdogo, Tanga. Mama alikuwa mwalimu wa shule ya msingi, alikuwa anaweka jiwe kwenye foleni ya sukari alfajiri ili lishike nafasi yake, anaenda kufundisha, anarudi saa nne kuangalia kama jiwe limesogea. Nguo tulifulia majani ya mpapai. Unga wa yanga, ule wa mahindi ya njano, tulikula mpaka harufu yake naweza kuikumbuka sasa hivi. Mshahara wa mama ulikuwepo, shilingi zilikuwepo, kilichokosekana ni kitu cha kununua. Na 1983 walanguzi wakakamatwa kwenye vita ya uhujumu uchumi, watu wakatupa vitambaa na redio baharini kwa hofu, na Waziri Mkuu Sokoine, aliyeiongoza vita hiyo, naamini alikuwa na nia safi, ila huwezi kumkamata kila mtu anayeuza kwa bei ambayo nchi nzima inaijua ndo bei.

Shilingi yenyewe ilishuka hivyo hivyo, kwa kuchelewa na kwa vipande. Kidogo 1982, ikaenda 12 mwaka 1983, ikaenda 17 mwaka 1984, wakati mtaani dola ilikuwa inauzwa mara kadhaa ya hapo. Mwalimu akang'atuka 1985, Mzee Mwinyi akaingia, na 1986 serikali ikasaini na IMF programu ya kufufua uchumi. Ndani ya mwaka huo shilingi ikapelekwa kwenye 40. Kile ambacho kingefanywa taratibu kuanzia 8 kilikuja kufanywa kwa mkupuo, wakati mashirika yameoza, barabara zimekwisha, na hatuna tena nguvu ya kubishana kipengele hata kimoja. Mwaka 1979 bado tulikuwa na heshima ya kupiga nao kelele mezani, tungeweza kusema shilingi tutashusha ila ada ya shule na hospitali msiguse. Mwaka 1986 tulikubali karibu kila kitu, na miaka iliyofuata ada za shule na malipo ya hospitali vikarudi. Hiyo ndo hasara kubwa ya ile miaka saba, kwa macho yangu, kuliko hata zile foleni.

Kuna mambo mawili ya majirani ambayo huwa nayaweka karibu na kisa hiki. Joseph Mubiru, yule gavana wa kwanza wa Uganda, aliondolewa 1971 na mwaka uliofuata akauawa chini ya utawala wa Amin. Na Blumenthal, yule yule Mjerumani aliyetuandikia mapendekezo ya 1963, alipelekwa Zaire 1978 kuisafisha Benki Kuu ya Mobutu, akaondoka ndani ya mwaka, kisha akaandika kwamba watu wa juu hawana nia ya kulipa wala kuacha kuchota. Weka Mtei katikati ya hao wawili. Alimpinga Rais usoni kwenye jambo zito kuliko yote, akaenda nyumbani kwake, hakufungwa, hakuguswa. Mwaka 1982 akaenda kuwa mmoja wa wakurugenzi watendaji ndani ya IMF yenyewe akiwakilisha kundi la nchi za Afrika, mpaka 1986. Mwalimu na Mtei walitofautiana kama watu wanaoipenda nchi moja, na hili nalo ni sehemu ya uchambuzi, maana ndo lilimwezesha mtu kusema ukweli wake mwaka ule na kuishi kuusimulia.

Na 1992 vyama vingi viliporuhusiwa akaanzisha CHADEMA akawa mwenyekiti wake wa kwanza. Aliyempokea kiti mwaka 1998 alikuwa Bob Makani, na Makani naye alishawahi kuwa naibu gavana wa Benki Kuu. Wenyeviti wawili wa kwanza wa chama cha upinzani wote wametoka kwenye benki ile ile ambayo haikuwa na sauti. Sheria mpya ya benki ya 1995 ndo ilikuja kuiambia Benki Kuu kazi yake ya kwanza ni utulivu wa bei, na mikopo kwa serikali ikawekewa mipaka.

Katikati ya hayo yote Mtei alikuwa amerudi kulima kahawa, Tengeru. Nimepita njia ile ya Arusha kwenda Moshi mara nyingi, na kila nikiona mibuni pembeni ya barabara nafikiria ile hesabu ya dola 1,000. Yeye sasa ndo alikuwa yule wa mwisho kwenye mstari, mwenye shamba, anangoja kahawa iuzwe mnadani Moshi kwa dola aje apewe shilingi zake, na zinakuwa ngapi inategemea mtu mwingine kabisa amekaa kwenye kiti alichokikalia yeye akiwa na miaka 33.